Ijumaa ya Upande wa Pili

Kutoka Pago Pago hadi Apia ni kilomita mia moja na thelathini tu, na ndege inazimaliza kwa dakika thelathini na tano. Ndege yenyewe ni ndogo, haina hata choo, maana aliyeiunda aliona hakuna binadamu mwenye kibofu dhaifu kiasi hicho. Unafunga mkanda, unamwomba Mungu, unafungua mkanda. Umefika.

Tatizo ni siku. Kati ya miji hii miwili umepita ule mstari wa tarehe, uliochorwa baharini na watu ambao bila shaka hawakuwa na wachumba ng'ambo. Ukiondoka Pago Pago Ijumaa asubuhi, unatua Apia Jumamosi asubuhi. Hujalala, hujaamka, na siku nzima imeshakudondoka majini. Ukirudi unaiokota: unaondoka Apia Jumamosi, unatua Pago Pago Ijumaa, na Ijumaa yenyewe inakupokea kama mtu aliyekuwa anakungoja mlangoni.

Sieni aliyajua hayo kuliko alivyoijua Baba Yetu. Miaka sita alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya uwanja mdogo wa ndege wa Fagalii, Apia, akipima abiria pamoja na mizigo yao na kuwakatia tiketi, na kila siku aliwauliza mabibi na mababu wa watu swali lilelile: "Unataka ufike lini?" Kisha anahesabu kurudi nyuma, anabonyeza, tiketi inatoka. Hakuwahi kukosea hata mara moja.

Mpaka wiki ile baba yake alipofariki.

Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya mazishi, Sieni alikuwa amechuchumaa uani akisugua sufuria. Vijana wa kanisa walikuwa wanashusha turubai. Maboksi matupu ya samaki wa kopo yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Na mbele ya nyumba, hatua kumi kutoka barazani, lilikuwapo kaburi jipya la baba, saruji yake haijakauka vizuri. Kwao ndivyo ilivyo. Mtu akifa hahami nyumbani, anashuka chini tu.

"Hiyo sufuria imetakata zamani," mama yake alimwambia. Fuatino, mjane wa siku nne, alikuwa ameketi kizingitini na macho yamemvimba. "Sasa unaitoboa."

"Bado ina masizi, mama."

"Masizi yako wapi? Unamsubiri nani?"

Sieni aliendelea kusugua. Alikuwa anajua anamsubiri nani, na alijua ndege imetua saa moja na dakika thelathini na tano. Alikuwa anajua na jambo jingine ambalo hakuna mwingine aliyelijua katika nyumba ile, na lilikuwa limemkaa kooni tangu jana jioni kama mwiba wa samaki.

Jumanne iliyopita alikwenda ofisini na macho mekundu. Mwenzake wa kaunta, Peka, alimwambia, "Nenda nyumbani, dada. Tiketi ya Lino nitaikata mimi." Lino alikuwa mchumba wake wa ng'ambo, Pago Pago, na Sieni akakataa. "Ya Lino naikata mwenyewe." Mazishi yalikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Akatafuta ndege ya Ijumaa, ya saa moja asubuhi kutoka Pago Pago. Akawaza: atatua mapema, hata chai atakunywa. Akabonyeza. Mtu aliyewahesabia siku maelfu ya wageni alisahau kumhesabia mchumba wake mwenyewe. Ilitakiwa iwe Alhamisi.

Na Maselino, ambaye wote walimwita Lino, hakuuliza. Mama yake alipomwambia, "Una hakika na siku, mwanangu?" alicheka tu. "Kaikata Sieni, mama. Sieni hakosei siku."

Basi Ijumaa ya Apia, wakati jeneza linashushwa, Lino alikuwa ng'ambo kwenye Alhamisi yake, kiwandani anapopakia jodari kwenye makopo, akimalizia zamu ya mwisho ili apate ruhusa. Nafasi iliyotengwa kwa ajili ya ukoo wa mchumba ilibaki wazi. Kila mtu aliiona. Mkwe mtarajiwa asipotokea msibani na mkeka wa heshima wa ukoo wake, ni sawa na kusema: hawa siwajui. Sieni aliimba nyimbo zote za kaburini huku anaangalia barabara. Simu zilikuwa zimezimwa kwa heshima ya marehemu. Jioni alipoiwasha yake, ujumbe ulikuwa unamngoja: *Kesho saa moja niko angani, mpenzi. Shati jeusi nimeshalipiga pasi.*

Hapo ndipo alipokumbuka alichobonyeza. Vidole vyake viliandika maneno mawili tu: *Tumeshazika, Lino.*

Sasa teksi ilisimama barabarani.

Lino alishuka peke yake. Mama yake alishindwa kuja kwa aibu. Alikuwa na shati jeusi, lavalava nyeusi, ile nguo ya kujifunga kiunoni, na kifuani amekumbatia mkeka wa heshima uliokunjwa, ule bibi yake aliousuka kwa miaka mitatu hadi ukawa laini kama kitambaa, manyoya mekundu yakining'inia pembeni. Mtu mkubwa yule, mabega kama mlango wa kanisa, alitembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alipofika kwenye kaburi alisimama. Akalitazama.

Kisha akainua macho, na macho yake yakakutana na ya Sieni juu ya sufuria. Miezi mitatu hawakuwa wameonana. Sieni alitaka kuinuka akimbie, amshike yale mabega, alie mpaka shati lile jeusi lilowe. Hakuinuka.

"Mleteni ndani," ilisema sauti kutoka barazani.

Ilikuwa sauti ya Tuiala, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye tangu Jumanne ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Tuiala hakuwahi kumpenda Lino. Marehemu alipokubali harusi iwe Desemba, Tuiala alisema, "Watu wa ng'ambo hawashikiki, ukiwaita leo wanakwambia kwao bado jana." Watu walicheka. Jana mazishini hakuna aliyecheka.

Lino aliketi pembeni kabisa mwa baraza, miguu ameikunja, kichwa ameinamisha, mkeka mapajani.

"Karibu," Tuiala alisema. "Umekuja kwenye msiba wa nani?"

"Wa baba yangu, Mzee Tuiala. Ndivyo alivyoniruhusu nimwite."

"Aa. Huyo alizikwa jana."

"Najua, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Kutoka kwenu mpaka hapa ni muda gani kwa ndege?"

"Dakika thelathini na tano."

"Thelathini na tano!" Tuiala aliwageukia wazee wawili waliokuwa wanakunywa koko, kakao yao ya moto, pembeni. "Mke wangu akienda kuazima chumvi anakaa zaidi. Walikuja watu kutoka Auckland, saa nne angani. Alikuja mzee kutoka Savaii, ana mguu mmoja, kapanda meli! Hata samaki wenu wa kopo walifika kabla yako, kijana. Maboksi arobaini. Waliwahi wao, wewe ukachelewa."

"Ni kweli, mzee."

Sieni alikuwa ameingia na birika la koko. Kazi ilikuwa ni kumimina tu, na alianza na wazee.

"Ilikuwaje?" Tuiala aliuliza, na sasa hakuwa anatania. "Ndugu yangu alikupenda. Alinikatalia mimi kwa ajili yako. Nataka kujua ilikuwaje."

"Tiketi ilikatwa siku isiyokuwa yake, mzee. Ilikatwa ya Ijumaa, kumbe ilipasa iwe ya Alhamisi."

Mmoja wa wazee aliguna.

"Nani aliikata?"

Lino hakujibu mara moja. Aliinua kichwa polepole, akamtazama Sieni. Hakuwa anamshtaki. Alimtazama kama mtu aliyesimama pembeni mwa mlango ili mwenzake apite kwanza. Sieni aliona mlango uko wazi. Aliona midomo ya mama yake, aliona wazee, aliona sura ya baba mkubwa iliyofanana mno na ya marehemu. Moyo ulimwambia sema.

Akaangalia birika.

"Mimi mwenyewe," Lino alisema. "Niliikata mimi. Nilisahau mstari."

"Ulisahau mstari." Tuiala alitikisa kichwa. "Mtu wa Pago Pago, umezaliwa juu ya mstari, umekulia juu ya mstari, unasahau mstari siku ya kumzika mkweo. Sasa siku mke wako atakapokuwa anajifungua huku, si utakuja mtoto anaota meno?"

Mzee mmoja alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka, akameza kicheko chake na koko.

"Chukua mkeka wako, kijana. Msiba umekwisha, haupokelewi. Na Desemba haipo. Sieni Jumatano anakwenda Auckland kwa shangazi yake, kuna kazi huko. Mungu akurudishe salama."

Lino aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Aliinuka, akatoka kwa kurudi nyuma, kama inavyopasa mbele ya wakubwa. Sieni alikuwa amemimina koko mpaka kikombe kikafurika, ikamwagikia vidole vyake, na hakuusikia moto.

*

Ndege ya kurudi ilikuwa saa tisa alasiri. Sieni alikaa na kimya chake mpaka saa nane, kisha akamwambia mama yake kwamba anahitajika kazini.

"Nenda," Fuatino alisema bila kumtazama. "Kazi ni kazi." Na jinsi alivyolitamka, Sieni hakujua kama mama amedanganyika au ameamua kudanganyika.

Lino alikuwa kwenye benchi la nje, palepale alipokaa tangu asubuhi, mkeka ameukumbatia. Ndani, Peka alikuwa anapima abiria. Kwenye ndege ndogo kama ile kila mtu anapanda mizani na mizigo yake, ili rubani ajue nani akae wapi isije ikaenda upande.

"Panda, mama, panda," Peka alikuwa anamwambia bibi mmoja mnene. "Usibane pumzi, pumzi haina kilo. Haya! Umeniaibisha. Mwezi uliopita tuliagana tisini na nane."

"Mizani yako imelewa," bibi alimjibu.

Peka alipomwona Sieni, utani ulimtoka usoni. Aliondoka kwenye kaunta bila neno, akamwachia nafasi.

Lino aliingia, akapanda mizani. Hivyo ndivyo walivyojuana, miaka miwili iliyopita. Alikuwa anarudi kwao na boksi la jodari begani lililokosa mnunuzi, Sieni akasoma, "Mia moja na nne, wewe na samaki wako," naye akajibu, "Nitoe samaki au nijitoe mimi?" Leo Sieni alisoma namba na sauti ikamkatika.

"Themanini na nne."

"Pamoja na mkeka," Lino alisema.

"Ulikuwa tisini na moja mwezi wa tano."

"Chakula cha mtu aliye peke yake hakinenepeshi."

Sieni alishika ukingo wa kaunta. "Kwa nini ulisema uongo?"

"Uongo gani?"

"Lino."

Alishuka kwenye mizani. "Ningesema nini? Kwamba binti yao, aliyemwuguza baba yake miezi minne hajui usingizi, alibonyeza namba moja vibaya? Mimi wakiniita mjinga, nitaondoka na ujinga wangu. Wewe unakula nao kila siku."

"Ungenipa nafasi niseme mwenyewe."

"Nilikupa." Alisema taratibu, bila ukali, na ndiyo maana iliuma. "Nilinyamaza kidogo. Nikakutazama. Wewe ukatazama birika."

Machozi ya Sieni yalidondokea karatasi za abiria. Kumlilia baba alikuwa amelia wiki nzima. Haya yalikuwa ya kisima kingine.

"Niliogopa. Wangesema nimemnyima baba yangu mkwe wake siku ya mwisho."

"Najua."

"Na kweli nilimnyima."

"Sieni, tiketi siidai. Tiketi ni karatasi. Hata ungeikata ya mwaka kesho ningeipanda." Aliukumbatia mkeka vizuri. "Ila usiku kucha nilijiambia, nikifika pale watanitukana, sawa, lakini tutakuwa wawili. Nikafika, nikajikuta peke yangu. Hilo tu ndilo linaloniuma. Litapoa. Sijui lini, lakini litapoa."

"Na Desemba?"

"Desemba ameshaifuta mzee."

"Nakuuliza wewe."

Lino alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejifunza sura kwa moyo ili asije akaisahau njiani. "Mimi nimechoka kuhesabu, Sieni. Kila nikikupigia, wewe uko kesho. Nilidhani leo tungekuwa siku moja, hata kama ni siku ya kutukanwa."

Nje, rubani alipiga makofi kuita abiria. Lino aliuweka mkeka juu ya kaunta.

"Huu haurudi. Mama alisema kitu kilichotoka nyumbani kwa ajili ya maiti hakirudi kwenye kabati. Mzee akiukataa, utandike hata kitandani. Bibi hatakasirika, alipenda watu wanaolala vizuri."

Alijaribu kutabasamu. Halikutoka vizuri.

"Lino, ukitua kule itakuwa Ijumaa."

"Itakuwa Ijumaa," alikubali. "Siku ya mazishi. Wa kwanza kufika nitakuwa mimi."

Akatoka. Aliwekwa kiti cha nyuma, na kwa kilo zake zilizopotea, ilibidi mfuko wa magimbi usogezwe karibu naye ili ndege isawazike. Sieni alisimama mlangoni. Ndege ilikimbia, ikainuka, ikawa ndogo kama inzi, ikaingia katika wingu la upande wa mashariki. Peka alikuja akamshika kiuno.

"Dakika thelathini na tano, dada."

"Najua," Sieni alisema. "Nipeleke nyumbani kabla hazijaisha."

*

Peka aliendesha gari kama aliyeiba. Walipofika, turubai lilikuwa limeshaondoka na ua ulionekana mkubwa kupita kiasi. Tuiala alikuwa ameketi kando ya kaburi peke yake, kofia mkononi, akizungumza na ndugu yake kwa sauti ya chini. Alinyamaza alipomwona Sieni.

Sieni hakusalimia. Aliukunjua mkeka na kuutandaza juu ya saruji, akaunyoosha pembe kwa pembe, manyoya mekundu yakielekea barabarani. Kisha akapiga magoti.

"Baba mkubwa, tiketi niliikata mimi."

"Tiketi gani?"

"Ya Lino. Niliikata kwa mikono yangu, Jumanne, ofisini. Peka ni shahidi. Nilisahau siku. Hakukosea yeye. Mama yake alimuuliza kama ana hakika, akasema Sieni hakosei." Sauti ilimpasuka. "Leo asubuhi alinisitiri, nami nikamwacha atukanwe. Nilikuwa pale pale. Nilikuwa namimina koko."

Upepo ulishika pembe ya mkeka, Sieni akaikandamiza kwa kiganja.

"Kwa hiyo alidanganya mbele ya kaburi," Tuiala alisema mwishowe.

"Alidanganya kwa ajili yangu."

"Na wewe ukanyamaza mbele ya kaburi."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Sijui lipi kubwa." Alijipangusa uso kwa kofia yake. Ghafla alionekana mzee. "Neno nimeshalitoa mbele ya watu, Sieni. Mimi si mtoto, silitemi nikalilamba. Jumatano unaondoka."

Auckland ni mbali mara ishirini na zaidi kuliko Pago Pago. Lakini huko ukifika, siku ni ileile.

Tuiala aliinuka kwa kuegemea goti. Njia fupi ya kwenda barazani ilikuwa kukatisha pembeni mwa kaburi, pale mkeka ulipomwagika hadi chini. Alisimama, akauangalia. Kisha akauzunguka wote, taratibu, kwa hatua ndefu za mtu anayechunga asikanyage, akaingia ndani. Hakusema uondolewe.

Fuatino alikuwa amesimama kizingitini muda wote. Alikuja, akaketi chini upande wa pili wa kaburi, akaupapasa mkeka kwa vidole kama mwanamke anayejua kusuka.

"Bibi yake alikuwa na mkono mwepesi," alisema.

"Mama, nisamehe."

"Ile sufuria nilijua ina jambo." Akanyoosha pembe moja ya mkeka. "Ameshafika?"

Sieni alitazama saa. Saa tisa na dakika thelathini na tano. "Anatua sasa hivi."

"Na huko kwao ni lini?"

"Ijumaa, mama. Jana yetu."

Fuatino aliiweka mikono yake juu ya mapaja. Machozi yalimtiririka, lakini sauti yake ilikuwa imetulia, kama ya mtu anayepanga kazi za nyumbani.

"Basi kwake siku ya kumzika baba yako haijaisha. Mwambie akae. Asiende kazini, asiende popote, akae naye mpaka jua lizame. Jana hapa lilizama haraka mno."

Sieni alitoa simu. Aliandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, kisha akaishikilia kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba vyombo vilikuwa vinapangwa. Mtu alikuwa anauliza kama sanduku la Sieni lishushwe juu ya kabati. Simu ikatetemeka mara moja.

*Nimeshakaa,* Lino aliandika.